Madoa ya Kanga Kwenye Kishikio cha Sufuria

Sufuria zetu hazina mikono. Zina mdomo tu, ule ukingo bapa uliokunjwa kwa nje, na anayetaka kuipua wali lazima aushike mdomo huo kwa vidole. Bibi yangu, kule Pangani, aliipua kwa pindo la kanga aliyojifunga. Mama alikunja mfuko wa karatasi wa unga mara nne. Mimi nilipoanza maisha yangu nilikuwa na kipande cha fulana kuukuu kilichoning'inia kwenye msumari kando ya jiko, na kama ilivyokuwa kwa bibi na mama, ncha za vidole vyangu zilikuwa ngumu kwa kuungua kidogo kidogo kila siku.

Na wakati huohuo nilikuwa fundi wa kufuma. Nimefuma tangu nikiwa darasa la sita: vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio na televisheni. Ingia sebule yoyote kuanzia Mombasa hadi Mbeya utaikuta kazi hiyo. Tumeipamba sebule miaka yote, lakini jikoni, mahali ambapo uzi ungemfaa mtu kweli, tumeacha matambara. Basi nakuomba uihamishie kroshia yako jikoni. Fuma vishikio vya sufu, uvitie nakshi zetu wenyewe, na nitakueleza kwa nini nakshi hizo si urembo mtupu.

Tuanze na uzi, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kishikio changu cha kwanza nilikifuma kwa uzi niliouziwa kwa jina la sufu. Kilikuwa chekundu chenye maua meupe, na nilijivunia sana. Siku ya tatu nikakitumia kushikia kikaango cha chapati. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha nikahisi kama nimeshika ulimbo: uzi ulikuwa umeyeyuka na kuniganda kwenye kidole, na nilipojaribu kuubandua ukaondoka na ngozi. Alama bado ninayo. Uzi ule ulikuwa akriliki, ndugu wa plastiki. Na nikwambie, uzi mnene wa sweta unaouzwa mitaani kwetu mara nyingi huitwa sufu hata kama haujawahi kumwona kondoo. Kwa kofia ya mtoto haina neno. Kwa kishikio ni hatari.

Kuutambua ni rahisi, wala huhitaji kumwamini muuzaji. Omba au nunua kipande chenye urefu wa kidole. Kishike kwa koleo dogo juu ya sahani ya bati, ukiwashe kwa kiberiti. Sufu huwaka kwa uvivu, inanuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto inazima yenyewe. Majivu yake ukiyafikicha yanakuwa unga mweusi. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, na inaendelea kuliwa na moto hata baada ya mwali kuzimika. Akriliki inajikunja, inatoa moshi mweusi na kudondoka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa kucha. Ukiona dalili mbili kwa pamoja, harufu ya nywele na kidonge kigumu, uzi huo umechanganywa, uache.

Sufu inapendeza kwa kazi hii kwa sababu moto hauipendi. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kama asilimia 21. Sufu inahitaji karibu asilimia 25 ndipo iweze kuendelea kuwaka bila kusaidiwa. Cheche ikiruka kutoka kwenye jiko la mkaa na kutua juu yake, inaacha kidoa cheusi unachokikwangua kwa ukucha. Pamba naiweka nafasi ya pili. Haiyeyuki, na kwa anayepikia gesi au umeme inafaa kabisa, lakini karibu na mkaa lazima uiangalie.

Sasa sufu ya kweli inapatikana wapi? Kenya iko. Nyanda za juu zinafuga kondoo wa manyoya, na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wapo akina mama wanaosokota sufu kwa mkono. Uzi wao ni mnene, una harufu ya mnyama kwa mbali, na unafaa kishikio kuliko uzi laini wa kiwandani. Kwa sisi tulio mbali na Nanyuki jibu ni mitumba. Asubuhi bale la masweta linapofunguliwa, usitazame mtindo, tazama lebo ya ndani. Tafuta neno "wool"; Wajerumani huandika "Wolle", Wafaransa "laine", Waitalia na Wahispania "lana". Mbele ya neno hilo iwepo asilimia 100. Sweta moja la mtu mzima linatoa uzi wa vishikio kadhaa, kwa bei ambayo dukani isingenunua hata madonge mawili.

Ila kabla hujalipa, geuza sweta ndani nje ukague mishono ya ubavuni. Kama vipande vilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa, utaona kingo nzima zilizoshonwa kwa uzi unaofumuka kama cheni. Hilo nunua. Kama kingo zimekatwa na kuzungushiwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa na utabaki na rundo la nyuzi fupi zisizofungika. Ukifika nyumbani, fumua ukianzia juu, uzungushie uzi mgongo wa kiti, uufunge kwa kamba mahali panne, uuloweke maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uutundike kivulini na kitu kizito chini yake. Mikunjo yote itanyooka. Ukikutana na sweta lililoharibiwa na maji ya moto, limerudi na kuwa gumu kama blanketi, lichukue vilevile. Halifumuki, lakini tutalitumia.

Nije kwenye nakshi. Ziko njia nyingi za kuweka rangi mbili kwenye kazi ya kroshia, na nyingi zinaacha nyuzi zikining'inia nyuma. Kwa kishikio mimi nashikilia njia moja tu: kubeba uzi. Unafuma na nyuzi mbili, tuseme nyeusi na nyeupe. Ule unaoutumia uko kidoleni. Ule usioutumia unaulaza juu ya mishono ya mzunguko uliopita, na kila mshono mpya unaumeza. Hauonekani mbele, hauonekani nyuma, lakini umo ndani muda wote. Kwa hiyo kila mshono unakuwa na kiini, na kitambaa kinakuwa kinene na kigumu kuliko cha rangi moja. Rangi unayoiona inapamba, na ile usiyoiona ndiyo inayoongeza kinga ya kidole. Ndiyo maana nikasema nakshi si urembo mtupu: kishikio chenye nakshi ya kubeba uzi kinakinga zaidi ya kile kisicho nayo, hata kama vimefumwa na mkono mmoja kwa sindano moja.

Nakshi ya kwanza ninayomfundisha mtu ni madoa ya kanga, yule ndege. Husimuliwa sana kwamba nguo yetu ilipata jina kwa ndege huyo, kwa kuwa michoro ya mwanzo ilikuwa na vidoa vyeupe kama manyoya yake. Ni nakshi ya mshono mmoja mmoja, haikosewi, na rangi yake ya chini ni nyeusi, jambo la heri jikoni penye masizi.

Chukua sindano ya milimita 3.5, ndogo kidogo kuliko ambayo ungeitumia kwa sweta, ili mishono ibane. Tengeneza cheni 37. Ruka ya kwanza, ufume mishono mifupi 36 hadi mwisho. Usigeuze kazi, izungushe tu, urudi upande wa chini wa cheni hiyohiyo kwa mishono mingine 36. Sasa unayo 72 inayozunguka kama mdomo wa mfuko, na kweli ni mfuko tunaoufuma, wenye safu mbili, na nakshi kila upande. Weka pini kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, kwa sababu tunapanda kama ngazi ya mnara bila kufunga, na bila pini utapotea.

Mizunguko mitatu ya mwanzo iwe nyeusi tupu, lakini uzi mweupe ubebe ndani tangu mshono wa kwanza. Mzunguko wa 4: mmoja mweupe, mitatu meusi, urudie mara 18. Wa 5, weusi mtupu. Wa 6 anza na miwili meusi, mmoja mweupe, kisha mitatu meusi na mmoja mweupe mpaka ubaki na mmoja, nao uwe mweusi. Madoa yatakaa katikati ya yale ya chini, yakipishana kama mgongoni mwa ndege. Wa 7, weusi mtupu. Halafu unarudi kwenye utaratibu wa mzunguko wa 4. Ukifika mzunguko wa 38 au 40 utakuwa na mraba wa takriban sentimita 20. Usizidishe hapo. Kishikio kikubwa kinaning'inia pembeni mwa sufuria na kufika kwenye moto.

Siri ya doa safi iko mahali pamoja. Mshono mfupi una hatua mbili: unachoma na kuvuta uzi, unabaki na vitanzi viwili kwenye sindano, halafu unavuta uzi kupitia vitanzi vyote viwili. Ukitaka mshono unaofuata uwe mweupe, hatua ya pili ya mshono mweusi uliomo imalize kwa uzi mweupe. Yaani rangi inabadilika kabla ya doa, si kwenye doa. Ukichelewa, kila doa linakuwa na kichwa cheusi, na kishikio kizima kinaonekana kama kimeloa. Jambo jingine ni mkono: uzi uliobebwa usiuvute. Kila baada ya mizunguko miwili nyoosha kazi kwa mikono yote miwili, kama unavyonyoosha chapati kabla ya kuitia kikaangoni. Uzi wa ndani ukiwa umekazwa, mfuko unajikunja na hakuna pasi itakayoutengeneza.

Ukishayazoea madoa, nenda kwenye korosho. Ile alama iliyopinda shingo tunayoiona kwenye kanga nyingi kila fundi wa pwani anaijua, na inakaa vizuri kwenye mishono 13 kwa upana na mizunguko 17 kwa urefu. Ichore kwanza kwenye daftari la hesabu la miraba, mraba mmoja mshono mmoja. Usinakili kanga moja kwa moja, maana mstari laini wa kitambaa ukiuleta kwenye miraba unavunjika. Anza na tumbo, lipe mishono 9 mahali palipo panene zaidi, kisha lipunguze mmoja mmoja ukisogea upande mmoja, na shingo uipinde kwenye mizunguko minne ya mwisho. Daftari likae mbali na macho, mezani kabisa, ukilitazama kama utakavyokitazama kishikio kikiwa ukutani. Kosa la mchoro utaliona kwa umbali huo.

Binti wa kaka yangu alipofuma korosho yake ya kwanza aliniletea akiwa amenuna.

"Shangazi, mbona yangu imelala?"

Ilikuwa imelala kweli, imeinama kulia kama mtu anayesikiliza mlangoni. Lakini hakukosea. Mishono mifupi inayofumwa kwa kuzunguka bila kugeuza kazi haikai juu kwa juu; kila mzunguko unasogea kidogo upande wa kulia, kwa anayefuma kwa mkono wa kulia. Mstari ulionyooka kwenye daftari unatoka umepinda. Wapo wanaopambana na hali hiyo kwa kusogeza mchoro mshono mmoja kila mizunguko kadhaa. Mimi nashauri uchague nakshi zinazokubali kuinama. Korosho inakubali, tena inapata uhai; nilimwambia aigeuze shingo ielekee kulia, na ya pili ikatoka kama inakimbia. Mistari ya mshazari ya ukili wa mikeka inakubali. Zinazokataa ni msalaba, nyumba, na herufi. Kwa hiyo ukitamani kuandika jina la kanga kwenye kishikio, fuma bapa, kwa kwenda na kurudi, safu moja moja, halafu uunganishe vipande viwili.

Kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, inavutia, na nimewafumia mabibi harusi wengi. Ila kumbuka rangi tatu maana yake ni nyuzi mbili zilizobebwa kila mshono. Kishikio kinakuwa kinene ajabu lakini kigumu, na kinateleza kwenye mdomo wa sufuria ndogo. Kiweke kwa sufuria kubwa, au kama kitu cha kuwekea chungu mezani. Nyekundu nayo ipimwe: loweka kipande cha uzi kwenye maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, ukione kama kitaambukizwa.

Kwa wapenda duara, tazama kawa ya kufunikia chakula, au kitako cha kiondo cha Wakamba na Wakikuyu. Vyote viwili vinaanzia kitovuni na kupanuka kwa mzunguko, na kroshia inafanya vivyo hivyo. Anza na mishono 6 ndani ya kitanzi, uongeze 6 kila mzunguko: 12, 18, 24, kuendelea. Ukiongeza pungufu inakuwa bakuli, ukizidisha inakuwa na mawimbi kama sikio la tembo. Mzunguko wa 19 utakuwa na mishono 114, na duara lako litakuwa na upana wa sentimita 20 hivi. Nakshi hapa ni miale: rangi ya pili uianze na mshono mmoja kwenye kila sehemu kati ya zile sita, uiongeze kadiri duara linavyopanuka, nayo itajizungusha yenyewe kama upepo. Fuma mawili, uyaunganishe mgongo kwa mgongo.

Kabla hujafunga mfuko au kuunganisha duara, tia kitu ndani. Hapa ndipo lile sweta lililorudi linapata kazi: likate kwa kipimo, safu moja inatosha. Usitie sponji wala kitambaa cha nailoni. Vitayeyuka ndani kwa ndani, usivione mpaka siku vitakapopenya. Mwisho funga mdomo kwa kuchoma tabaka zote mbili pamoja, na kwenye kona endeleza cheni 14 kuwa kitanzi cha kutundikia. Kitanzi kiwe kifupi.

Sufu hupenda kurudi, na unaweza kuitumia tabia hiyo. Fuma kishikio kikubwa zaidi, kwa sindano ya milimita 5 au 6 ili mishono ilegee, kisha kioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukikisugua na kukikamua bila huruma. Nyuzi zinashikana, matundu yanaziba, na nakshi inalainika kama imechapwa. Kipunguo hutegemea uzi, kwa hiyo fuma kwanza kipande cha sentimita 10 ukioshe ukipime upya. Uzi ulioandikwa kwamba unaweza kuoshwa kwa mashine hauwezi kurudi hata ukiuchemsha. Umeshatibiwa kiwandani usirudi.

Baada ya hapo, kuosha ni maji baridi au vuguvugu na sabuni ya kipande. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usiiguse kabisa: sufu huyeyuka ndani yake. Anika kikiwa kimelala. Na usikitumie kikiwa kibichi, hata kama una haraka na mandazi yanaungua. Maji hupitisha joto upesi kuliko sufu, na yale yaliyomo kwenye nyuzi hugeuka mvuke kiganjani mwako. Kwa sababu hiyo kisiwe ndicho cha kufutia meza. Adui mwingine ni nondo, hasa kwa vishikio vilivyowekwa kabatini vikisubiri wageni. Mabuu yake hula sufu. Kishikio kinachotumika kila siku, kinachooshwa na kupigwa jua, hawakigusi.

Kishikio cha madoa kinanichukua jioni mbili, nikiwa nasikiliza taarifa ya habari. Anayeanza ajipe wiki. Ukitaka kuuza, hesabu jioni hizo kwenye bei, usihesabu uzi peke yake, na mweleze mnunuzi kwamba ni sufu. Mwoneshe kipande kikiungua ikibidi. Nimewahi kumwashia mteja kiberiti mbele ya macho yake, akanunua sita.

Na fuma viwili kila mara, kwa kuwa sufuria inaipuliwa kwa mikono miwili. Cha pili kianze siku ileile ya kumaliza cha kwanza, kabla mkono haujabadilika. Nimejaribu kukiahirisha kwa mwezi mmoja, nikafuma mishono ileile 72, kwa sindano ileile na uzi wa sweta lilelile, kikatoka kidogo kwa upana wa vidole viwili.